Mteja mezani: Bewitched au The Mary Tyler Moore Show?

Katika Bewitched, kichekesho cha televisheni cha Marekani (kituo cha ABC, 1964–1972), Darrin Stephens, mtu wa matangazo ya biashara, humkaribisha mteja nyumbani pamoja na bosi wake Larry Tate, uchawi wa mama mkwe ukavuruga meza, kisha Darrin akadai kwamba vurugu ile ilikuwa wazo la tangazo jipya, na mara nyingi mteja akalipenda. Katika The Mary Tyler Moore Show, kichekesho kingine cha Marekani (kituo cha CBS, 1970–1977), Mary, mfanyakazi wa chumba cha habari cha televisheni, hana mteja wa kumbembeleza. Katika kipindi kimoja mgeni wake ni mbunge, nyama ya ndama imepikwa kwa watu sita, na bosi wake Lou Grant anajipakulia sehemu tatu.

Kwa gharama, Mary anashinda waziwazi, kwani kijiko cha kupakulia kinatosha kuchekesha, ilhali uchawi uliwalazimu waigizaji kusimama tuli, kamera ikisimamishwa, vitu vikiondolewa. Kwa uhakika, Bewitched ina kanuni isiyokosea, jambo lililoibeba kwa misimu minane. Ila kanuni hiyohiyo huchosha, na mimi hukisia tangazo kabla ya supu kuisha. Aibu ya Mary, anapomwomba bosi wake arudishe nyama, haichuji haraka, lakini haiwezi kurudiwa kila wiki.

Anayetazama na watoto baada ya kazi atafaidi zaidi kwa Darrin. Aliyewahi kuhesabu vipande vya nyama jikoni huku wageni wakizidi kuingia atamwelewa Mary bila kuelezwa.