Olympus XA na ndugu zake: kamera za mkanda za kuweka mfukoni

Wadau wa picha za mkanda, hizi XA ni kamera haswa. Ya kwanza ilitoka 1979, aliibuni Yoshihisa Maitani, haina kifuniko cha lenzi cha kupotea maana unasukuma mlango wa mbele tu iko tayari, ukiufunga unaitia mfukoni unapanda daladala Kariakoo hakuna anayejua umebeba kamera.

XA yenyewe lenzi yake ni f/2.8 (yaani inafunguka sana kuingiza mwanga), unafokasi kwa mkono, ndo kali kuliko zote. Ila kwa mtaani mi naipenda zaidi XA2 ya 1980, ina alama tatu tu za umbali za kuchagua badala ya kufokasi, na ukiifunga inajirudisha yenyewe kwenye alama ya katikati, so ukiwa Feri asubuhi kwenye mnada wa samaki unafungua unapiga, basi, raha sana. XA1 haitaki betri ila inakubali mkanda wa ISO (kipimo cha wepesi wa mkanda kunasa mwanga) 100 na 400 tu, siishauri.

Ukienda kununua XA au XA2 beba betri zako mbili za LR44 (zile ndogo za duara kama kifungo), bila hizo shata haipigi na huwezi kujua kama ni nzima. Halafu kile kitufe chekundu cha kupigia picha ni laini mno, kiguse taratibu.