TAHADHARI: Anayeuza ile birika ya ndege mwekundu hana birika

Watu wangu wa Nairobi, kama umeona posti ya birika ya chuma inayong'aa, mshikio wa bluu, na filimbi ya umbo la ndege mwekundu mdomoni anayelia maji yakichemka, "orijino, zimebaki tatu tu", 8,500 na deliveri ya bure, tafadhali usitume pesa. Mi nishatuma. Nimepoteza 7,250 na nimeshajua mwingine aliyepita njia hiyo hiyo, na huyo yeye aliletewa kitu kabisa, na hio ya kuletewa ndio naona ni mbaya zaidi, nitaeleza.

Wacha nianze na kwa nini nlikuwa naitafuta, ndio muelewe venye mtu na akili zake anaweza kuingia.

Mama yangu alifanya kazi ya nyumba Lavington miaka mingi, na ile familia ilipohama 1998 wakamwachia vyombo vya jikoni, na kati ya hivyo ilikuwa hii birika. Sisi tumekua na huyo ndege. Akilia asubuhi unajua maji ya kuoga yako tayari na ukilala tena utaoga baridi. Sasa mama ana presha ya macho, pembeni haoni kabisa, katikati anaona kidogo, na ule mlio ndio ulikuwa unamwambia mambo ya jiko. Mwezi wa pili msichana anayemsaidia akaweka birika kwa lile jiko kubwa la gesi, moto ukapanda hadi ubavuni, ndege akayeyuka akawa donge. Hatukumlaumu, hakujua. Lakini wiki tatu baadaye nimeenda kumsalimia nikakuta nyumba inanuka chuma kilichoungua, birika imekauka tupu juu ya moto, na mama amekaa sebuleni anasikiliza redio, hana habari. Nilizima gesi mikono inatetemeka. Hapo ndio nikasema hii kitu lazima ipatikane.

Nimezunguka jamani. Biashara Street yote, maduka ya vyombo Eastleigh, Jumamosi mbili Toi na moja Gikomba kwa wale wanauza vyombo vya mitumba. Birika za filimbi ziko, zile za kawaida, lakini mlio ni mwembamba na mama akiwa chumbani haisikii, tulijaribu mbili. Kamukunji kuna fundi aliniambia nimletee birika yenyewe aone kama anaweza kuniundia filimbi ya bati, nikaona ananipotezea muda, na sai najuta.

Nilipoanza kusoma kuihusu ndio nikajua ni kitu ya maana. Ilichorwa na msanifu majengo wa Marekani, Michael Graves, mwaka wa 1985, ikitengenezwa na Alessi ya Italia, na mpaka leo bado wanaitengeneza. Huko nje mpya inaenda zaidi ya dola 150, yaani karibu elfu ishirini za kwetu kabla hata uanze kufikiria kuisafirisha. Hio bei nlikuwa naijua. Nataka mshike hapo juu huyu jamaa alikuwa anauza 8,500 na mi nikajiambia labda ni ya mitumba, labda kuna mtu amehama. Ukitaka kitu sana unaitafutia maelezo mwenyewe.

Nikamwandikia. Alijibu kwa dakika mbili, adabu tele, "dadangu" kila sentensi. Nikamuuliza kama ni ile ya Graves, akasema ndio, tena akaniambia ana na ile ya joka, ile iliyotoka 2015 birika ikitimiza miaka 30, joka badala ya ndege. Hapo ndio aliniweza. Nikasema mtu anayejua hio ya joka lazima anajua vyombo, na kumbe hio unasoma kwa simu kabla chai ipoe.

Nikaomba kuja dukani. "Dadangu wiki hii tumefunga tunahesabu stoki, tunafanya deliveri tu." Nikaomba vidio, akatuma, birika iko juu ya jiko la umeme inalia, ndege wetu kabisa, nikaicheza mara tatu nikiwa kwa matatu machozi yako karibu. Nimeirudia baadaye nikiwa nimetulia nikaona kitu: nyuma ukutani kuna soketi ya matundu mawili ya duara, ile ya Ulaya. Hakuna nyumba hapa Nairobi iko na hio soketi, yetu ni matundu matatu ya mraba. Vidio ilikuwa mbele yangu na sikuiona.

Akaniambia kuna mama wa Karen ameulizia asubuhi, nitume nusu anishikie. Nikiweka namba kwa M-Pesa likatokea jina la mwanamke ambalo halina uhusiano wowote na jina la peji, nikamuuliza, akasema ni mhasibu wao. Hilo jina linatokea kabla uweke namba ya siri kwa sababu hii hii, na mi nikalipita. 4,250 ikaenda.

Siku ya tatu akanipigia, sauti ya haraka, ati mzigo umeshikwa uwanja wa ndege wa JKIA, watu wa ushuru, KRA, wanataka 3,000. Nikamwambia si ulisema iko stoki? Akasema ile ya stoki ilichukuliwa, yangu wameagiza ingine kwa haraka wasiniangushe. Nikatuma. Najua venye inasikika, lakini tayari nlikuwa nimemwambia mama ndege anakuja Ijumaa, na alikuwa ameshamwambia jirani yake.

Kesho yake ikawa 1,800 ya kuhifadhi mzigo. Hapo ndio nikampigia binamu yangu anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, akaniuliza swali moja tu: amekupa PRN? Nikamuuliza hio ni nini. Jamani, ushuru wa KRA unalipwa kwa hio namba ya malipo, inaitwa PRN, na pesa inaingia kwa paybill ya serikali, 222222. Haiendi kwa simu ya mtu. Nikamwandikia yule jamaa "nitumie PRN nilipe mwenyewe", alama mbili zikawa bluu, na hakunijibu tena. Jioni nikaona ameniblok.

Nilituma zile meseji za M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, nikajibiwa zimeshatolewa. Ukishtuka tuma hapo hapo, usisubiri kama mi, juu pesa ikishatoka kwa laini yake hakuna ya kurudisha. Namba ya huyo tapeli pia unaweza kuwatumia Safaricom kwa meseji 333, ni bure.

Sasa huyu mwingine. Ni mama anaishi Donholm, shangazi yangu anamjua kanisani. Yeye aliletewa. Bodaboda alifika na boksi limefungwa vizuri, akamwambia ameagizwa boksi lisifunguliwe mpaka balansi iingie, yule mama akalipa yote 8,500. Nimeishika hio birika kwa mkono wangu. Ni nyepesi kama kopo. Ya kweli ni chuma cha 18/10, yaani asilimia 18 kromiamu na 10 nikeli, na ile ya mama nikiweka sumaku ubavuni haishiki, hii ilinasa kama mlango wa friji. Ya kweli iko na vitone vidogo vimeinuka vimeizunguka huko chini karibu na kitako, hii vimechapishwa kwa rangi na ukikwaruza na kucha vinatoka. Kitako cha ya kweli kimegongwa jina la Alessi, hii ni tupu. Na ndege wake halii. Kifuniko kinacheza, mvuke wote unatoka pale juu, na filimbi haiwezi kulia kama mvuke haujabanwa ukapita kwa kile kitundu. Lakini kilichonikasirisha kabisa ni mshikio, maji yakichemka unalainika, unabonyea ukiushika. Hebu fikiria hio mkononi mwa mtu haoni vizuri, na lita mbili za maji ya moto ndani. Ile ningeipeleka kwa mama yangu. Mi kwa kukosa kuletewa nashukuru Mungu, na nasema hivyo nikiwa nimepoteza pesa.

Kitu ingine ambayo hakuna mtu aliniambia na ningejua singefika hapa: ndege anauzwa peke yake, kama spea. Birika ya mama bado nzima, imeungua tu ndani kidogo na nimeisugua na magadi ikatoka. Binamu yangu mwingine yuko Ujerumani ameagiza ndege, atakuja naye Desemba. Kwa sasa mama anatumia zile saa za jikoni za kuzungusha, anaweka dakika kumi halafu anaibeba mfukoni mwa leso.

Nilifanya ile kazi ya kuweka picha kwa Google Lens, ikaniletea tangazo la mtu wa Uholanzi anayeuza birika yake ya zamani, picha ile ile, hata kikombe cha manjano nyuma yake. Kwa hivyo peji ikibadilisha jina, na imeshabadilisha mara mbili tangu nianze kuifuatilia, angalia hio picha: meza nyeupe ya marumaru, birika imeelekea kushoto, kikombe cha manjano nyuma.

Nimeripoti polisi nikapewa namba ya OB, kile kitabu cha kuandikisha ripoti kituoni, na nimepigia pia laini ya bure ya wapelelezi wa DCI, 0800 722 203. Afisa aliyeniandikia aliniambia malalamiko ya mtu mmoja yanakaa tu kwa kitabu, lakini wakiwa kadhaa na laini ya simu ni ile ile inakuwa rahisi kumfuatilia mwenyewe. Kwa hivyo kama ulituma, hata kama ni mia tano, usione aibu, beba skrinishoti zako uende kituo kilicho karibu na wewe uandikishe, halafu niandikie nikupe namba yangu ya OB uitaje.