Risasi ya kwanza inasoma 306, fundi anasema "piga haraka haraka"

Nimelipia huduma ya kurekebisha regyuleta (kifaa cha kushusha presha ya hewa) ya bunduki ya peintiboli, ule mchezo wa kupigana kwa mipira ya rangi, na kitu kimoja tu kimenifanya niandike: risasi ya kwanza. Bunduki ilirudi ikisoma futi 280 kwa sekunde kwenye kipima kasi, risasi kumi mfululizo, hakuna inayoyumba. Iache itulie dakika moja halafu fyatua: 306. Viwanja vingi haviruhusu kuvuka 300. Na risasi inayopigwa baada ya kutulia ndiyo ile ya kuvizia, inayompata mtu aliyetokeza hatua chache tu mbele yako.

Nilipomwonyesha fundi, hakunyanyua hata macho. "Piga haraka haraka, itashuka yenyewe."

Fundi wa regyuleta hasemi hivyo! Tatizo hili ni presha kutambaa, na anayeshika kazi hii lazima alijue. Hewa inatoka mtungini ikiwa psi (kipimo cha presha) 800 hivi, regyuleta inaishusha hadi kiasi kinachotakiwa na bunduki. Presha ikifika pale ulipopanga, pistoni inaishinda springi, inakaa juu ya kiti cha vali na hewa inafungwa. Kiti kikichubuka, au uchafu ukinasa hapo, hewa inaendelea kupenya kidogo kidogo. Ukipiga mfululizo huoni kitu, maana kila risasi inaimwaga ile ziada kabla haijakusanyika. Ukitulia, inajaa. Kwenye hii yangu geji ya presha ilisimama psi 180 mara tu baada ya kufyatua, ikapanda taratibu hadi 215 ndani ya dakika moja. Hapo skrubu ya kupangia presha haisaidii. Kaza, legeza, unahamisha namba tu. Utambaaji uko palepale.

Kulipima hakuhitaji hata kipima kasi. Miwani usoni, toa hopa (chombo cha mipira juu ya bunduki), hakikisha hakuna mpira uliobaki ndani. Fungua mtungi polepole, fyatua tupu mara tano au sita, halafu uikodolee geji macho kwa dakika nzima. Ikiongezeka psi tano hivi na kusimama, mimi sina neno. Ikiendelea kupanda, ondoa mtungi, fyatua hadi geji isome sifuri, ndipo ufungue regyuleta. Usiguse kitu kabla ya sifuri.

Niliifungua. Pitisha ukucha juu ya kiti cha vali: kuna mfereji wa duara, ukucha unakwama kabisa, na kwenye ukingo wake umelala uzi mweupe wa utepe wa tefloni, mfupi kuliko kope. Basi. Kiti cha regyuleta hii kina nyuso mbili. Kukigeuza upande mzima ni kazi ya dakika moja. Yeye alikwisha kuifungua yote, akakiona, akakirudisha vilevile.

Alichofanya ni kuzungusha skrubu hadi namba impendeze, na hata hapo kuna utaratibu. Regyuleta nyingi haziitoi hewa iliyokwisha ingia. Ukilegeza, presha haishuki mpaka ufyatue. Kwa hiyo zungusha moja ya nane ya mzunguko, fyatua tupu mara nne au tano, ndipo usome. Usipofanya hivyo unadhani skrubu haijashika, unaongeza tena, unajikuta umepita mbali. Mimi huishusha chini ya ninapopataka, kisha napanda. Na usiamini kwamba kulia ni kupandisha siku zote; kuna regyuleta zinazokwenda kinyume, geji ndiyo itakayokuambia.

Lile la kasi kushuka ukipiga mfululizo, tuseme kutoka 280 hadi 255, ni ugonjwa mwingine kabisa. Hapo hewa inachelewa kujaa: vali ya mtungi haijafunguliwa yote, kichujio kimeziba, au mtungi unakaribia kuisha. Kuutumia ugonjwa huo kama dawa ya huu wa kwanza ndiko kulikonipandisha hasira.

Lakini nisimdhulumu. Pistoni ilikuwa safi, oringi (pete za mpira za kuzuia hewa kuvuja) mpya zote, grisi utando mwembamba tu, si yale madonge ambayo hewa huyasukuma hadi kwenye solenoidi, ile vali ya umeme. Hakupaka mafuta yenye asili ya petroli, yanayoweza kuharibu baadhi ya oringi. Mkono anao. Tena angekuwa ameweka kiti kipya akaniambia "kitatambaa kidogo, piga risasi mia mbili au mia tatu kikae, kisha pima tena", ningekubali, kwa sababu viti vipya ndivyo vilivyo. Nilikuwa nimeshaamua nyota tatu.

Ila kila nikiikumbuka ile 306, nyota zinapungua. Aliijua namba, hakujali hata kuitazama geji, akanipa bunduki niende nayo uwanjani kwa watu. Nyota moja, na hiyo ni ya oringi. Pengine kwa kubadilisha oringi tu ningerudi kwake. Kwa kurekebisha presha, hapana.

Ukienda, usichukue bunduki kwa kuonyeshwa risasi kumi za mfululizo. Mwambie aache kufyatua, msimame wote wawili mbele ya geji dakika nzima, halafu apige moja.