Rola ya wino ya mpira laini, sentimita 10: mpira mzuri, fremu ichunguze

Kwa kupamba kadi, bahasha na vialamisho, rola ya kununua kwanza ni hii ya mpira laini. Ya plastiki ngumu inafaa kukandamiza karatasi zilizopakwa gundi, lakini haibonyei hata kidogo, hivyo huruka penye bonde na kuacha mabaka. Ya sponji hunywa wino na kutoa vipovu.

Unene wake nao una maana. Silinda ya kipenyo cha sentimita 3.5 humaliza mzunguko katika takriban sentimita 11. Kwenye kadi ya sentimita 15, chembe moja ya vumbi iliyonata kwenye mpira inaweza kupiga alama mara mbili, na sentimita 4 za mwisho zitafifia. Dawa yake ni kupita mara kadhaa, kila safari ukianzia mahali tofauti.

Wengi huilaumu rola kwa kosa la mkono. Ukiisukuma mbele na nyuma juu ya pedi ya wino, sehemu ileile ya mpira hurudia wino uleule na nyingine hubaki kavu. Sukuma upande mmoja, inua, rudi mwanzo. Mara 5 au 6 zatosha. Wino mzito wa kuchapia utandaze kwanza kwenye kioo hadi rola itoe mlio mwembamba wa kunatanata. Ikiteleza kimya, wino umezidi. Kisha anzia kwenye karatasi chakavu, pita juu ya kadi, malizia nje: rola ikitua katikati, huacha mstari usiofutika. Njano itangulie bluu, la sivyo pedi ya njano itageuka kijani.

Karatasi yenye kung'aa huupa wino wa majimaji nafasi ya kuchanganyika kabla haujakauka. Manila ya kawaida huunywa papo hapo, ndiyo maana michirizi inabaki. Wino mzito wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), kinyume chake, hukawia kukauka kwenye karatasi hiyo ya kung'aa na huchafuka ukiguswa.

Raha yake iko kwenye mipira ya kufungia noti. Vishe silinda mitatu minne, ipake wino, pita wima kisha mlalo: mirabaraba safi kama ya shuka.

Udhaifu uko kwenye fremu ya waya inayoruhusu silinda kutolewa. Ikitanuka, silinda huyumba na upande mmoja huchapa hafifu. Kabla ya kulipa, izungushe kwa kidole: iende bila kukwama wala kucheza. Angalia pia kama ina mguu wa kuiegemeza, maana mpira laini ukilaliwa siku nyingi hupata ubapa unaojichapa kila mzunguko. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha ekseli (kijiti ambacho silinda huzungukia) isishike kutu, na petroli au thina ya kuzimulia rangi zisiusogelee mpira; huuvimbisha.