Bushi za springi za Land Rover Series: ipi ya kununua kwanza na ipi ya kuiacha dukani

Land Rover ya Series, iwe Series II iliyoanza mwaka 1958 au Series III iliyoendelea kutengenezwa hadi 1985, imebebwa na springi nne za vyuma bapa vilivyolaliana. Kila springi ina jicho la mbele na jicho la nyuma, yaani tundu la kupitishia bolti, kila jicho lina bushi yake, yaani kipande cha bomba kinachokaa kati ya bolti na jicho, na bushi ya tatu hukaa ndani ya chesisi (fremu ya gari) yenyewe pale inaposhikiliwa shakeli, yaani mabamba mawili yanayounganisha springi na chesisi, hivyo gari zima hubeba bushi 12. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 lilionyesha jinsi magari haya yanavyoendelea kupendwa na kutunzwa huku kwetu, na mengi yake hupita kila siku katika barabara za changarawe ambazo bushi iliyokwisha haiwezi kuzistahimili.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba tatizo ni bushi kweli. Gari lenye bushi zilizokwisha hugonga chini linapopita kwenye shimo, huyumba linapobadilisha mwelekeo, na wakati mwingine huvuta upande mmoja dereva anapokanyaga breki, kwa sababu ekseli imepata nafasi ya kusogea. Likiwa limesimama mahali tambarare, ingiza mtaimbo kati ya shakeli na chesisi kisha usukume taratibu: ukiona bolti inacheza ndani ya jicho, au bomba la ndani limeegemea upande mmoja badala ya kukaa katikati ya mpira, au bamba la shakeli limeanza kulisugua jicho la springi, bushi hiyo imekwisha. Chunguza pia bolti za U zinazofunga springi kwenye ekseli, kwa kuwa zikilegea hutoa dalili zinazofanana sana na hizo.

Nafasi ya kwanza naipa bushi ya mpira ulioshikamana na chuma, yaani bomba la chuma la nje, bomba la chuma la ndani, na mpira uliounganishwa na yote mawili kiwandani. Hii ndiyo aina ambayo gari lilitoka nayo, na sababu ya kuipendelea ni namna inavyofanya kazi. Bomba la nje hubanwa na jicho la springi, bomba la ndani hubanwa na bolti, na springi inapopanda na kushuka hakuna kinachosuguana, bali ni mpira wenyewe unaojipinda na kurudi. Kwa hiyo haihitaji grisi, haipigi kelele, haiingiwi na mchanga, na humeza mitikisiko midogo ya barabara ambayo vinginevyo ingepasua chesisi kidogo kidogo. Ukiwa dukani, iwe Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, ishike mkononi na uikague kwa utulivu. Bomba la ndani lazima liwe refu kidogo kuliko lile la nje, kwa sababu likiwa sawa au fupi, mabamba ya shakeli yatalibana jicho la springi badala ya kulibana bomba, na springi haitacheza inavyopaswa. Tazama mpaka ambapo mpira unakutana na chuma: usiwe umebanduka, usiwe na nyufa ndogondogo, wala usiwe umekauka, maana mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya pakiti, hasa katika duka lenye joto. Nenda na bushi ya zamani na kalipa, upime kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani na urefu, kwa kuwa magari haya yalitengenezwa kwa matoleo mengi, na bushi za chesisi si lazima zilingane na za springi.

Nafasi ya pili ni ya bushi za poliyurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, ambazo kwa kawaida huja katika nusu mbili pamoja na bomba la chuma la katikati. Ubora wake ni kwamba haziliwi na mafuta kama mpira unavyoliwa, na kwamba huingizwa kwa mkono au kwa jiliwa bila mashine ya kukandamiza. Kwa fundi aliye mbali na mji, hilo si jambo dogo. Lakini ni ngumu zaidi: nyingi huwa kati ya 80 na 95 kwa Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira na plastiki, na ugumu huo huonekana pale ekseli inapojipinda, gurudumu moja likiwa juu ya jiwe na jingine likiwa ndani ya korongo. Zaidi ya hayo, hapa bomba huzunguka ndani ya plastiki, hivyo bila grisi ya silikoni huanza kulia, na vumbi likiingia husaga pole pole. Usidanganywe na rangi, kwa kuwa kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na nyekundu ya huyu si lazima iwe na ugumu sawa na nyekundu ya yule. Mimi ningezikubali bila wasiwasi katika chesisi, mahali ambapo kukandamiza bushi ya mpira ni kazi ya kuchosha, huku macho ya springi yakiachiwa mpira.

Bushi za shaba zenye nipeli ya grisi ni za tatu, na nazitaja kwa sababu zimezoeleka katika malori. Zinadumu zikipakwa grisi kwa ratiba isiyokatizwa, ila hupeleka kila mtikisiko moja kwa moja kwenye chesisi, na kuzifunga katika Series kunataka pini na ukerezaji ambao gari hili halikukusudiwa kuwa nao.

Za mwisho ni zile zinazokerezwa mtaani kwa nailoni au kukatwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Nawaheshimu mafundi wanaoweza kulifikisha gari nyumbani kwa bushi ya namna hiyo, na kwa kazi hiyo inafaa. Kununua seti nzima kwa nia ya kukaa nayo ni hasara, kwa kuwa haina mpira ulioshikamana na chuma, hivyo bolti huanza kulila tundu la bamba la shakeli, na sehemu hiyo ni ghali kuliko bushi.

Katika oda hiyohiyo weka bolti na nati mpya za shakeli. Kinachoumiza zaidi katika kazi hii si bei ya bushi, ni bolti iliyoshikana kwa kutu na bomba la ndani, ambayo mara nyingi hutoka kwa kukatwa tu. Bamba moja la shakeli lina thredi zake, kwa hiyo zikiwa zimeharibika nunua na bamba. Ikiwa unapanga kubadilisha springi pia, uliza kwanza kama mpya zimeshafungwa bushi, kwani nyingi huja nazo, na utakuwa umebakiwa na zile nne za chesisi pekee. Mwombe fundi alikate bomba la nje la bushi ya zamani ya chesisi kwa wembe wa msumeno wa chuma kwa urefu wake, akikomea kabla ya kuigusa chesisi, badala ya kuuchoma mpira kwa moto, ambao hutoa moshi wenye sumu na unaweza kufikia mabomba ya breki au ya mafuta.

Bushi za mpira zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Bolti ziingizwe zikiwa zimelegea, gari lishushwe likae kwa uzito wake juu ya magurudumu manne, lisukumwe mara kadhaa ili springi zitulie, ndipo zikazwe na nati za kufungia zifuate. Zikikazwa hewani, mpira hubaki umepindika kila gari linaposimama, na bushi nzuri huchanika mapema. Baada ya kilomita mia chache, bolti za shakeli na zile za U zikaguliwe tena.