Gemu za kupigana kwa mdundo: ipi ununue kwanza?

Kabla ya kulipia gemu yoyote ya aina hii, ambayo unapiga na kukinga ukifuata mdundo wa muziki, tafuta jibu la swali moja: ukikosa mdundo, gemu inakufanya nini? Nyingine hukuvumilia, nyingine hukupunguzia nguvu, na nyingine hukataa kabisa kufyatua risasi. Orodha hii imepangwa kwa msingi huo, ikianza na ile inayomfaa hata asiyejiamini kwenye ngoma.

Ya kwanza ni Hi-Fi Rush, iliyotoka Januari 2023 kwa kompyuta na Xbox Series, kisha PS5 mwaka 2024. Hata ukibonyeza ovyo, pigo la mhusika wako hutua lenyewe kwenye mdundo. Ukibonyeza kwa wakati, linaumiza zaidi. Pigo jepesi linakula mdundo mmoja, pigo zito miwili, kwa hiyo kombo (mapigo yanayofuatana kwa mpangilio) unazihesabu kama mpiga ngoma: moja, moja, kisha moja-na-subiri. Wanaoanza hukwama hapo kwenye kusubiri. Wamezoea gemu za ngumi ambazo anayebonyeza haraka ndiye anayeshinda, basi wanajaza ile nafasi tupu kwa kubonyeza, na kombo inayotoka siyo waliyoikusudia. Dawa yake ni kutikisa kichwa au kugonga mguu sakafuni. Nafasi tupu nayo inahesabiwa. Ukipotea kabisa, washa alama ya mdundo chini ya skrini.

Utamu wa gemu hizi unaonekana wazi zaidi kwenye kukinga. Katika gemu ya kawaida unamwona adui akiinua mkono, ndipo unajibu. Hapa adui anaweza kukupigia mpangilio mfupi wa midundo, nawe unaurudia kwa kukinga, kama kiitikio kinavyomjibu mwimbaji. Unajua pigo litatua lini kabla halijatua. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kati ya mdundo na mdundo kuna nusu sekunde. Ukishaizoea hiyo nusu sekunde, mkono unafika kabla ya wasiwasi.

Ya pili ni Crypt of the NecroDancer ya mwaka 2015, na kwa mtu anayetaka gemu ya kurudia miaka na miaka, hii inaipita ya kwanza. Hakuna kitufe cha kupiga. Una vishale vinne tu, na ukimsogelea adui, silaha inapiga yenyewe. Ukikosa mdundo, unapoteza kizidishi cha sarafu (namba inayokuongezea sarafu) na zamu yako, huku maadui wakiendelea kusonga. Kila adui ana hatua zake za kudumu: slaimu (kiumbe cha ute) wa kijani hatoki mahali pake, wa bluu anaruka, anatulia mdundo mmoja, kisha anarudi. Usimfuate. Simama kando ya mraba wa sakafu atakaorudi, umpige akitua. Kosa la kawaida ni kutazama miguu ya mhusika wako, na matokeo yake adui wa pembeni anakumaliza. Anayeshindwa kabisa na mdundo amchague mhusika aitwaye Bard, ambaye maadui humsubiri asogee kwanza.

Metal: Hellsinger ya mwaka 2022 inashika nafasi ya tatu, na ni ya wapenda muziki wa metali nzito na bunduki. Risasi iliyokosa mdundo inatoka, ila dhaifu. Ukishika mdundo, kizidishi kinapanda 2, 4, 8 hadi 16, na muziki unanenepa nacho; sauti ya mwimbaji haiingii mpaka ufike 16. Waimbaji wenyewe ni nyota wa metali kama Serj Tankian na Alissa White-Gluz, hivyo zawadi ya kucheza vizuri ni wimbo kamili. Pakiwa hapana adui, piga mdundo kwa fuvu liitwalo Paz ili kizidishi kisishuke. Ubaya wake ni kwamba kampeni, yaani hadithi unayoicheza hadi mwisho, ni fupi.

Patapon ni ya nne: unapiga midundo minne kuamuru jeshi (pata-pata-pata-pon kusonga, pon-pon-pata-pon kushambulia), kisha unatulia midundo minne jeshi likiitikia. Ukigusa kitufe wakati wanaitikia, mfululizo wako unakatika. BPM: Bullets Per Minute ya 2020 ni ya mwisho kwa ukali tu: nje ya mdundo bunduki haifyatuki, na hata kujaza risasi kunafuata mdundo hatua kwa hatua. Usianze nayo.

Gemu yoyote kati ya hizi itakuangusha kama sauti inachelewa. Hedifoni za Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250, yaani hadi nusu ya mdundo kwenye wimbo wa 120. Tumia za waya. Kwenye runinga washa hali ya gemu, na spika ya nje ikileta shida, ichomoe. Kisha ingia kwenye mipangilio usawazishe sauti, picha na kitufe viende pamoja: kipimo cha sauti kifanye macho yakiwa yamefumbwa, rudia mara tatu, chukua namba ya katikati. Ukibadilisha hedifoni au skrini, pima upya. Una shaka tatizo liko wapi? Zima sauti, cheza kwa kutazama alama peke yake. Ukipatia kuliko ulivyokuwa unasikiliza, sauti ndiyo inayochelewa.

Usidhani kusawazisha kunafuta ubaya wa Bluetooth. Gemu inaweza kusogeza muda wa kukuhukumu, lakini mlio wa upanga wako huzaliwa pale unapobonyeza, na hedifoni bado itauleta baadaye. Utakuwa unapatia kila mdundo huku masikio yakikuambia umekosa.