Lengo la mwaka au la wiki: lipi limfae mwenye duka biashara inapodorora?

Kwa gharama, yote mawili yanahitaji daftari na kalamu tu. Lengo la mwaka huandikwa mara moja, nalo humsaidia mwenye duka wa Tanzania kujiandaa kwa kodi ya makadirio, ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huipokea kwa awamu 4, hadi mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Udhaifu wake ni kwamba bei ya mafuta ya kula ikipanda ghafla, hesabu za Januari hupoteza maana.

Lengo la wiki hudai uangalizi wa kila jioni: mauzo, madeni ya wateja, na fedha alizochukua mwenyewe kwenye droo kwa matumizi ya nyumbani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayouma, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa humwonyesha mtu tabia yake kabla hajalaumu soko. Hata hivyo, anayepanga kwa wiki pekee hushtukizwa na kodi ya pango ya miezi 6.

Mwenye mkopo wa benki atahitaji zaidi lengo la mwaka; mama lishe anayenunua mchele asubuhi na kuuza wali mchana, la wiki laweza kumtosha.